Nilipohama Nyumba ya Mama

Mama yangu anaimba. Naanza na hilo kwa sababu watu wote wa Kionga, kwetu pwani kusini mwa mto Ruvuma, wangeanza na hilo wakiulizwa habari zake. Katika kikundi chao cha tufo yeye ndiye mwenye sauti. Wanawake wanapiga magoti kwa safu, leso zimefanana, matari yanalia nyuma, na mama yuko katikati anatoa kaswida mpaka wazee waliokaa mbali wanafuta macho. Harusi ya mtu yeyote mwenye jina haikukamilika bila yeye. Tukipita njiani watu walinishika kidevu wakaniambia, "Mtoto una bahati wewe. Sauti ile mnalala nayo nyumba moja."

Nililala nayo, ni kweli. Nilikuwa mtoto wake wa pekee. Baba alimwacha mimi bado nanyonya, akavuka Ruvuma kwenda kuoa upande wa Tanzania, na alichoniachia ni sura yake. Macho, paji la uso, hata namna ya kusimama nimeegemea mguu mmoja. Mama aliweza kuwa ananitazama napepeta mchele, mara uso wake unageuka.

"Simama vizuri! Unasimama kama lile lijibaba lako."

Nikichelewa kujinyoosha, chochote kilichokuwa karibu na mkono wake kilikuwa fimbo: mwiko, kata, kandambili, mpini wa jembe. Maneno yalitangulia na maneno yalifuata, na hayo ya kufuata ndiyo yaliyokaa. Kwamba mimi ni mkosi. Kwamba angejua, angeniacha kwenye maji machafu ya uzazi. Kipigo kilipona kwa siku chache. Yale mengine nilienda nayo shule, nikaenda nayo chuoni kusoma Kurani, nikalala nayo.

Nilijifunza mapema kusikiliza. Mama akiimba kwa ndani, midomo imefungwa, nyumba ilikuwa na amani na ningeweza hata kuomba ruhusa ya kwenda kuokota chaza maji yakitoka. Akinyamaza, nilijitafutia kazi ya mbali, maji au kuni, chochote chenye njia ndefu.

Na alikuwa na akili katika kupiga. Kukikaribia sherehe hakunigusa usoni. Alinifinya ndani ya paja, kwa kucha, akazungusha. Mtoto wa kike hafunui paja lake mbele za watu, kwa hiyo alama zile tulizijua sisi wawili. Ikitokea hasira imemzidi na jicho langu limevimba, alinikalisha kibarazani, akasugua mti wa msiro juu ya jiwe kwa maji kidogo, akanipaka uso mzima ukawa mweupe. Majirani walisifu: tazama binti anavyotunzwa ngozi. Waliolelewa kwa upole huwa hawanielewi nikisema kwamba nilizipenda saa zile. Vidole vyake vilikuwa laini, nguo zake zinanukia udi, na aliniita "mama yangu mdogo". Nikiwa na miaka tisa au kumi sikujua bado kwamba mtu anaweza kupewa upole bila kwanza kupigwa.

Mwaka mmoja tulikuwa na mwalimu mgeni, ametokea kusini huko Inhambane, Kiswahili hana. Aliona vidole vyangu vimevimba, siwezi kushika kalamu. Akaniuliza kwa Kireno nimefanya nini. "Caí," nikamjibu. Nimeanguka. Neno hilo nililitamka vizuri kuliko yote, maana nililizoea. Hakuridhika, akamwita mama. Mama alikuja shuleni amevaa leso mpya, akamsalimia kwa heshima, akamletea na samaki wa kukaanga ndani ya kibakuli. Mtu wa kutafsiri alikuwa mume wa rafiki wa mama. Walicheka wote watatu. Mwalimu alinitazama mara moja tu juu ya bega la mama, nami nikatazama chini. Jioni ile nyumbani hakukuwa na wimbo.

Mtu aliyejua alikuwa mmoja, naye ni shangazi yangu, dada yake baba. Wakati huo aliishi Namoto, kwenye kivuko cha Ruvuma, akiuza samaki wakavu wa ng'onda kwa wanaovuka kwenda ng'ambo na kununua leso kwa wanaorudi. Nilipovunja ungo, badala ya kuchezwa unyago na kufurahi kama wenzangu, nilipigwa kwa sababu nilichafua shuka. Asubuhi yake nikadandia nyuma ya pikipiki ya mtu aliyekuwa anapeleka viazi Namoto, nikamwangukia shangazi mlangoni. Alinikogesha. Aliyaona mapaja yangu. Aliendelea kunimwagia maji huku analia, machozi yanadondokea kwenye ndoo.

Nilikaa kwake kwa raha siku chache, kisha mjomba akaja kunichukua. Mjomba ni kaka mkubwa wa mama, na kwa desturi zetu mtoto akiwa hana baba nyumbani, kauli ni ya mjomba. Shangazi alijaribu.

"Kaka, mtoto anaumizwa huyu. Mtazame."

"Mzazi anafunza," akasema mjomba. "Na wewe, kaka yako mwenye mtoto alikimbia. Mlimwachia dada yangu mzigo, sasa mnataka kumfundisha kuubeba?"

La baba lilikuwa kweli, na shangazi alilijua. Alinifunga mtandio vizuri kichwani, akaniinamia sikioni. "Kua," akaniambia. "Kua upesi. Mlango wangu utaukuta."

Nikakua. Niliolewa ningali msichana na kijana wa pale pale, tukaachana bila ugomvi mkubwa. Tulikuwa watoto wawili tuliopewa nyumba. Nikarudi kwa mama na binti mchanga mgongoni, kama desturi inavyotaka.

Kisha vita vikafika kwetu. Sitaieleza siku ile hapa, ina mahali pake. Nasema tu kwamba mimi miguu iliniishia, nikakaa chini kwenye tope la mikoko, na mama ndiye aliyembeba mjukuu wake mgongoni, akanishika kiwiko akanivuta. "Inuka. Hufi hapa. Nasema inuka." Maji yaliyobaki kwenye chupa alinipa mimi, yeye akalowesha ulimi. Tulivuka Ruvuma kwa mtumbwi, tukakaa ng'ambo kwa watu, na hali ilipotulia tukarudi. Hili nalisema kwa sababu ni haki yake, na kwa sababu baadaye watu walinitupia usoni kana kwamba mimi nimelisahau. Sijalisahau. Mkono ule uliniokoa, na mkono ule ulinipiga miaka yote. Nimeacha zamani kutafuta ni upi mkono wa kweli.

Baada ya kurudi nilipata kontratu, mkataba wa muda, kule Afungi, ndani ya uzio wa kambi ya kampuni ya gesi, kazi ya jikoni. Tulikuwa tunakaa huko huko kwa majuma, kisha tunapewa mapumziko ya kurudi nyumbani. Binti yangu alibaki na bibi yake. Alikuwa na sura ya mama mwenyewe, kama ametemwa, na mama alimpenda mbele ya macho yangu, akimwimbia na kumsuka nywele. Nikaona kwamba lile lililokuwa kati yetu lilikuwa letu sisi na limekwisha.

Siku za mwanzo kule kambini nilishangazwa na usingizi. Tulilala wanawake wengi chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, mashine za umeme zinavuma nje, na mimi nikalala kama gogo. Wenzangu walilalamikia kelele. Mimi nilikuwa najiuliza kwa nini mabega hayaniumi tena nikiamka.

Mpishi mkuu wetu alikuwa mwanamke wa Beira, mnene, mcheshi, tulimwita mana, yaani dada. Siku moja aliniachia sufuria kubwa la wali, lile la kulisha zamu nzima. Mimi nikaitwa kupokea mboga mlangoni, nikakawia, na harufu ndiyo iliyonirudisha. Wali umeungua chini mpaka juu umeshika moshi. Nilimwona mana anakuja. Kabla hajafika, kiwiko changu kilikuwa kimeshapanda kufunika kichwa, na macho nimeyafumba.

Hakuna kilichotokea. Nilipofumbua macho, mana amesimama na mfuniko mkononi, haangalii sufuria, ananiangalia mimi. Kisha akaweka mfuniko chini, akausogeza mkono wangu taratibu mpaka ukashuka.

"Mwanangu, umeunguza wali," akasema kwa Kireno chake cha polepole ili nimwelewe. "Basi. Huu tunaumwaga, tunapika mwingine. Lete mchele."

Tukapika mwingine. Watu walikula wamechelewa kidogo, wakanung'unika, wakashiba. Alinionya kwamba nisiondoke tena jikoni bila kumwambia mtu, na mambo yakaishia hapo. Jioni nilikaa kitandani nikalirudia lile tukio kichwani kama mtu anayehesabu vidole vyake kuona kama vyote vipo. Kosa limefanyika, limerekebishwa, limekwisha. Hakuna aliyemtaja baba yangu. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye mtoto, na hilo lilikuwa jambo jipya kabisa kwangu.

Nilirudi Kionga kwa mapumziko nikiwa nimebeba biskuti za binti yangu. Alikuwa na miaka mitano wakati huo. Asubuhi nilimpeleka uani kumkogesha. Alipokaa kwenye beseni akabana miguu. Nikamwambia afungue nimsugue. Akabana zaidi, akatazama kwanza mlango wa nyumba, halafu mimi. Mtazamo ule niliujua kwa ndani. Nilimfungua miguu mwenyewe, polepole, nikaziona. Alama za kucha, ndani ya paja, mpya juu ya zile zilizoanza kupauka.

Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Nikaingia na mtoto mkononi, nimemfunga taulo.

"Mama, hii ni nini?"

Hakuinua kichwa. "Mkaidi huyo. Anamwaga chakula makusudi."

"Umemfinya."

"Na wewe nilikufinya. Umekufa?"

Nakumbuka niliona vitu vyote kwa uwazi: mbuzi ya nazi, tui kwenye kichungio, inzi ukingoni mwa bakuli, na mama yangu, mwanamke wa makamo mwenye mikono minene, amekaa chini kuliko mimi.

"Sijafa, mama," nikamwambia. "Kwa hiyo naweza kutembea. Tunaondoka."

Alicheka. Alipoona natoa nguo zetu kwenye sanduku, akaacha kucheka akaanza kutukana. Alipoona nimefunga furushi, akaacha kutukana akaanza kulia, na alipolia kwa sauti ile yake majirani wote walitoka. Alisimama katikati ya ua akavua mtandio. "Nimekuzaa, nimekunyonyesha, nimekuvusha kwenye vita! Ukipita mlango huu maziwa yangu sikuhalalishii! Naondoa radhi yangu, mbele ya watu hawa naiondoa!"

Mtu asiyelelewa pwani hajui uzito wa maneno hayo. Kwetu radhi ya mama ni paa. Ikitoka, mvua yote ni yako. Wanawake waliziba midomo kwa leso. Mmoja akanishika mkono: "Binti, mpigie magoti mama yako, hata kwa uongo." Nikamwomba radhi yule mwanamke, si mama, kwa sababu ilinibidi nimsukume kidogo ili nipite. Kulikuwa na jua la saa nne. Nilimpakia binti yangu mbele yangu kwenye pikipiki ya kukodi na furushi nyuma, tukaenda Palma, mji ulio karibu na Afungi.

Nilipofika nikampigia simu shangazi.

"Shangazi, ule mlango uliosema."

"Upo. Uko wapi?"

"Palma. Nimepata chumba. Lakini kazi yangu iko Afungi na mtoto..."

"Basi mlango nauleta mimi," akasema, na kesho yake akashuka na mkeka wake, sufuria yake na mafungu ya ng'onda. Hajaondoka mpaka leo.

Mjomba aliitisha kikao. Nilitaka kutokwenda, shangazi akanisukuma: "Nenda, tena uvae vizuri. Asiyekwenda huzungumzwa." Tukakaa barazani kwa mjomba, wazee wachache wa ukoo, mama upande mmoja na mdogo wake, ambaye mimi namwita mama mdogo, kando yake. Mama alieleza. Alieleza vizuri, mpaka mimi mwenyewe nilimwonea huruma yule mwanamke aliyekuwa akielezwa. Mjomba akanigeukia.

"Mama yako amekubeba. Mama yako amekuvusha mauti. Wewe umempa nini? Mgongo. Huiogopi radhi?"

"Naiogopa, mjomba," nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kupaza sauti, nikashangaa kuiona imeshuka, imetulia. "Naiogopa sana. Ndiyo maana nimehama. Nikikaa na mama nyumba moja namchukia, na kumchukia mama ni dhambi. Nikiwa mbali naweza kumsalimia, kumletea chakula, kumwombea. Basi nipeni ruhusa nimheshimu kutoka huko ninakoweza."

Kisha nikawaeleza. Mwiko, kata, kucha. Niliwaeleza vidole vyangu vya shuleni na uso wangu mweupe wa sherehe. Sikulia. Nilieleza kama mtu anayeonyesha njia: hapa unapinda, hapa kuna kisima. Nikamalizia na binti yangu. Mama alikuwa anasema, "Mwongo, mwongo," kwa sauti iliyokuwa inapungua.

Mzee mmoja akakohoa. Mjomba akafungua mdomo, na naamini alikuwa anataka kunihukumu. Lakini mama mdogo, ambaye maisha yangu yote sikupata kumsikia akizungumza mbele ya wanaume, alisema akiwa ametazama mkeka:

"Mwacheni aende. Mimi niliolewa nikiwa na miaka kumi na minne kwa kuwa nyumba ya mama yetu ilikuwa hivyo hivyo. Dada anajua. Kaka, na wewe unajua, ila wewe ulikuwa mtoto wa kiume, ulikuwa unatoka nje."

Mama alimtazama mdogo wake, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana neno wala wimbo. Mjomba alivuta kofia mbele, akairudisha nyuma. Mwisho akasema kikao kimefungwa, kila mtu aende na amani. Hakusema nani ana haki. Mimi sikuhitaji aseme.

Yamepita miaka tangu hapo. Kontratu ya Afungi ilipokwisha nilifungua mgahawa wangu Palma, karibu na soko: asubuhi chapati na maharage, mchana wali na samaki wa nazi. Wafanyakazi wa serikali wanaoletwa kutoka mikoa mingine wananijua, kwa sababu nawapikia matapa, kisamvu cha nazi na karanga cha kwao wanachokitamani. Binti yangu yuko shule, ana kelele, anajibu watu wazima mpaka shangazi anamkemea. Akikosea namkanya, na nikihisi mkono wangu unataka kupanda, nautuma kufanya kazi nyingine. Hilo si ajabu wala karama. Ni kazi, kama kukanda unga, na nimeizoea.

Mama naye tumepatana masharti, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Anakuja Ijumaa baada ya swala, anakula nasi. Mtoto hakai naye peke yake. Akianza maneno yake, mimi nasimama, namwambia, "Mama, nakusindikiza." Mara ya kwanza alidhani natania. Nilimsindikiza mpaka kituo cha magari ya Kionga na wali wake kwenye chombo. Juma lililofuata alikuja akaongea habari za mihogo. Kuniomba msamaha hajaniomba, na sidhani ataniomba. Nilikuwa nangoja; siku moja nikagundua kwamba nina kazi nyingi na sikumbuki mara ya mwisho kungoja ilikuwa lini.

Mwaka huu, masika, upepo uliinua paa lake la makuti ukalitupa kwa jirani. Nilipofika Kionga watu walikuwa wamejaa uani, na jirani yule yule aliyewahi kunishika mkono akanipokea: "Alhamdulillahi, umekuja kumchukua mama yako." Mama alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, magodoro yameanikwa juani. Alinisubiri niitike salamu zote.

"Kwako pana vyumba viwili, nasikia," akasema.

"Viwili, mama. Vyote vina watu."

Uani pakatulia. Zamani ukimya kama ule ungenifanya niseme chochote, niahidi chochote. Safari hii niliuacha upite.

"Nimekuja na mafundi," nikasema. "Makuti yako kwenye gari. Mpaka Ijumaa utakuwa umelala ndani ya nyumba yako, na kabla ya hapo utalala kwa mama mdogo, nimeshazungumza naye."

Aliinua uso kunitazama. Alikuwa amezeeka, ngozi ya shingo imelegea. Nilidhani atavua tena mtandio. Akageuza uso kwa mafundi waliokuwa wanashusha fito.

"Waambie upande wa mlangoni paa lishuke kama zamani," akasema. "Na fito zile za mwisho mbona nyembamba?"

Nikaenda kuziangalia. Zilikuwa nyembamba kweli. Nikamwambia fundi abadilishe, nikavua viatu, nikaanza kuwapokelea makuti.